Uchungu wangu wa kwanza ulichukua siku mbili. Je, kuna njia ya kuufupisha?

"Daktari, shikamoo. Nina miaka 28, naishi Tabata, mimba yangu ya pili ina wiki 33. Mtoto wa kwanza nilimzaa miaka minne iliyopita kwenye hospitali ya serikali. Uchungu ulinianza Ijumaa jioni, nikajifungua Jumapili alfajiri. Nilipofika waliniambia njia ni sentimita mbili, nikarudishwa nyumbani. Nikaja tena, ni tatu. Nililazwa chali, peke yangu, wakanitundikia dripu, uchungu ukawa hauna mapumziko, mwishoni nikaongezewa njia. Nilipolia niliulizwa kama mimi ndiye wa kwanza kuzaa duniani. Sasa nikikumbuka silali. Mama mkwe ana dawa ya mizizi, anataka nianze kunywa wiki ya 37 ili njia ilainike. Jirani anasema kuna vidonge vya famasi vya kuharakisha. Rafiki yangu alichomwa sindano ya mgongo hospitali binafsi, anasema hakusikia kitu, lakini dada yangu ananiambia sindano hiyo inapoozesha miguu. Mume wangu anaona bora nipasuliwe tu yaishe. Je, kuna njia ya kitaalamu ya kufanya uchungu uwe mfupi na usiume sana? Au ni mimi tu mwoga?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na swali ulilolitupia mwishoni, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Wewe si mwoga. Ulipita kwenye jambo zito, mwili unalikumbuka, na zimebaki wiki saba. Watu wetu wanapenda kusema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, kisha mzazi mwenyewe akilia wanamnyamazisha. Katika Surat Maryam, Bibi Maryam aliposhikwa na uchungu chini ya mtende alisema laiti angekufa kabla ya hayo. Hakukaripiwa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji ya kunywa na tende za kula. Nitarudi kwenye hayo maji na tende, kwa sababu yanahusu swali lako.

Umeuliza mambo mawili ukayafunga kamba moja: uchungu uwe mfupi, na usiume sana. Sisi leba tunayatazama mbalimbali, kwa sababu mara nyingi dawa ya hili haisaidii lile. Dripu ya kuongeza uchungu inapunguza saa lakini inazidisha maumivu. Sindano ya mgongo inaondoa maumivu lakini haipunguzi saa hata moja. Ile hatua ya kusukuma inaweza hata kurefuka kidogo. Vitu vinavyosaidia pande zote mbili vipo, ni vichache, na karibu vyote havinunuliwi famasi.

Tuzihesabu upya siku zako mbili. Shingo ya kizazi, ule mlango ambao nesi anaupima kwa vidole, kabla ya uchungu huwa mgumu kama ncha ya pua. Kabla haujafunguka ni lazima ulainike uwe kama mdomo, ufupike, uwe mwembamba. Kwa mimba ya kwanza kazi hiyo huchukua saa nyingi, na inauma, ila haionekani kwenye sentimita. Mtu anajikunja usiku kucha, anapimwa, anaambiwa mbili. Anavunjika moyo kama aliyetembea kwa miguu kutoka Mbagala, kisha akaambiwa bado yuko Mbagala. Kumbe mwili ulikuwa kazini muda wote huo.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu, lilisema uchungu kamili unahesabiwa kuanzia sentimita 5. Kabla ya hapo hakuna muda maalumu. Kila mwanamke na wake. Kutoka 5 mpaka 10, mimba ya kwanza kwa kawaida haivuki saa 12, na zinazofuata hazivuki saa 10. Mwongozo huohuo uliacha kanuni ya zamani kwamba njia lazima ifunguke sentimita moja kila saa, la sivyo mama aongezewe uchungu. Kanuni hiyo asili yake ni grafu za daktari mmoja wa Marekani, Friedman, za miaka ya 1950, na wanawake wengi wazima kabisa hawaendi kwa mwendo huo, hasa mwanzoni.

Kwa hiyo katika hizo saa kama 35, kutoka Ijumaa jioni mpaka Jumapili alfajiri, inaelekea nyingi zilikuwa za kulainika. Sisemi hazikuuma. Nasema hazithibitishi kwamba njia yako ina kasoro. Ulijifungua kwa njia ya kawaida, na shingo ya kizazi iliyokwisha kufunguka mara moja, mara ya pili huwa haibishani sana. Wanawake wengi uchungu wao wa pili ni mfupi kuliko wa kwanza, wakati mwingine mfupi mno, na baadaye nitakuambia kwa nini hilo lina maana kwa mtu anayekaa Tabata.

Kuna mambo matatu katika maelezo yako ambayo yanaweza kuurefusha uchungu, na hayakuwa kosa lako. Ulilazwa chali, ulikuwa peke yako, na ulikuwa na hofu. Ukilala chali, mfuko wa uzazi na vyote vilivyomo vinaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Wewe unasikia kizunguzungu, mtoto anapata hewa pungufu, na kichwa chake hakishuki vizuri kuusukuma mlango. Hofu nayo inamwaga adrenalini, homoni ya kukimbia hatari, ambayo inaizuia oksitosini, homoni ya uchungu. Angalia paka: siku ya kuzaa anatafuta uvungu wa kitanda, penye giza na kimya, na ukimsumbua anahama. Hakuna anayemwambia paka ni mwoga.

Sasa dripu, maana ndiyo iliyokutesa. Ndani yake mna oksitosini iliyotengenezwa, sawa na ya mwilini. Mkemia Vincent du Vigneaud aliiunda kwa mara ya kwanza mwaka 1953. Tofauti ni kwamba ya mwilini inatoka kwa mikupuo, na ya dripu inatiririka mfululizo. Tunaiweka pale uchungu unapokuwa dhaifu au umesimama na tumejiridhisha kwamba mtoto anaweza kupita. Tunaanza na matone machache, tunaongeza polepole kila nusu saa, mpaka uchungu uje mara 3 hadi 5 katika dakika 10. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba kwa mama ambaye uchungu wake umelegea, dripu ikianza mapema inapunguza kama saa 2. Idadi ya wanaoishia kupasuliwa haipungui. Basi ni msaada wa kweli, ila si muujiza.

Na ina hatari ambayo kila mama anapaswa kuielewa. Mtoto tumboni anapata hewa kupitia kondo la nyuma. Kila mfuko unapokaza, mishipa inayopeleka damu kwenye kondo inabanwa. Mtoto anakuwa kama mzamiaji wa pweza: anazama ameshika pumzi, mfuko ukilegea anaibuka, anavuta hewa, anazama tena. Mtoto mwenye afya anaweza kufanya hivyo kwa saa nyingi. Usipompa nafasi ya kuibuka, anachoka. Uchungu ukija zaidi ya mara 5 katika dakika 10, dripu ipunguzwe au ifungwe. Ndiyo maana mama mwenye dripu hapaswi kuachwa bila mtu wa kumwangalia: mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila dakika 15 hadi 30, na wakati wa kusukuma kila dakika 5, nayo yawe kati ya 110 na 160. Ukitundikiwa tena, uliza kwa upole ni nani anayehesabu. Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Hatari ya pili ni pale mtoto asipoweza kupita, kwa kuwa nyonga ni ndogo kuliko kichwa au amekaa vibaya. Huo tunauita uchungu pingamizi. Kuongeza nguvu hapo ni sawa na watu wanne kulisukuma kabati kwenye mlango usiolitosha: mwishowe kitapasuka kitu, na kinachopasuka ni mfuko wa uzazi. Kichwa kikibana sehemu moja kwa muda mrefu, kibofu nacho kinaoza mahali pale na mkojo unavuja. Wanawake wengi wanaotibiwa fistula bila malipo pale CCBRT, Msasani, walianzia hapo. Kwa hiyo mtu yeyote anayejitolea kuufupisha uchungu wako bila kwanza kujua mtoto amelalaje na mlango umefikia wapi, anacheza na maisha mawili.

Hilo linatuleta kwenye vidonge vya jirani. Bila shaka anazungumzia misoprostoli. Hospitalini ni dawa nzuri sana. Tunaitumia kuanzisha uchungu kunapokuwa na sababu, kama dalili za kifafa cha mimba, chupa ya uzazi kupasuka bila uchungu kuanza, au mimba kutimiza wiki 41. Kidonge kimoja cha kawaida kina mikrogramu 200. Kipimo cha kuanzishia uchungu kwa mdomo ni mikrogramu 25, sehemu moja ya nane ya kidonge hicho, kila saa 2, moyo wa mtoto ukisikilizwa. Anayemeza kidonge kizima nyumbani kwake amemeza dozi nane kwa mkupuo, na hakuna njia ya kuzitoa. Kwa mwenye kovu la upasuaji ni hatari zaidi. Mfuko unaweza kufunguka palepale kwenye kovu.

Vivyo hivyo kwa sindano ya uchungu ya mtaani. Oksitosini haichomwi kwenye paja au bega kabla mtoto hajatoka. Dripu ukiifunga, nguvu yake inashuka ndani ya dakika chache. Sindano iliyokwisha kuingia kwenye nyama huwezi kuifunga. Ila mtoto akishatoka mambo yanageuka: sindano ya yuniti 10 ya dawa hiyohiyo inachomwa mara moja ili mfuko ujikaze na damu isitoke kwa wingi. Hiyo usiikatae hata kidogo. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za akina mama kufa, na sindano hiyo ndogo inazuia vifo vingi.

Mizizi ya mama mkwe naomba tuizungumze kwa heshima, kwa sababu sina shaka anakupenda. Baadhi ya miti inayotumiwa na wakunga wa jadi ina nguvu halisi ya kuukaza mfuko; bibi zetu hawakuwa wajinga. Tatizo ni kwamba haina kipimo. Mzizi wa mti mmoja si sawa na wa mwingine, na kikombe kikishanyweka hakifungwi kama dripu. Nimewahi kumpokea mama wa mtoto wa tatu aliyekunywa kikombe kimoja asubuhi ili asikawie leba. Alifika kabla ya adhuhuri tumbo likiwa limekaza bila kuachia, mfuko umeshapasuka. Yeye tulimwokoa. Tangu siku hiyo nikiambiwa dawa ya kulainisha njia, namkumbuka akiuliza mtoto yuko wapi. Mafuta ya nyonyo nayo yaache: yatakuharisha, na utaingia leba umekaukiwa maji. Mlenda na bamia kula, ni mboga njema, ila hazifiki kwenye njia ya mtoto.

Kupasua chupa nako wengi wanadhani ndiyo njia ya mkato. Kukifanyika peke yake, kwa mama ambaye uchungu unaenda vizuri, hakufupishi kwa kiasi cha kujivunia, na kunafungua mlango wa maambukizi. Kichwa kisiposhuka, kitovu kinaweza kutangulia, na hiyo ni dharura. Na ile sindano ya Buscopan ambayo baadhi ya wodi humchoma karibu kila mama ili njia ifunguke haraka, Shirika la Afya Duniani halishauri itumike kwa kusudi hilo.

Sasa maumivu. Sindano ya mgongo inayotumika wakati wa uchungu inaitwa epidurali. Daktari wa usingizi na ganzi anaingiza mrija mwembamba kama uzi kati ya pingili za kiuno, dawa inapita humo kidogo kidogo na kuzizima nyaya za fahamu zinazobeba maumivu ya mfuko. Hofu ya dada yako inaeleweka, kwa hiyo nikueleze mahali sindano inapopita. Uti wa mgongo wenyewe, ile kamba nene ya fahamu, kwa mtu mzima unaishia sehemu ya juu ya kiuno. Sindano inachomwa chini ya hapo, nje ya utando unaozifunika nyaya. Miguu inaweza kuwa mizito au kufa ganzi kwa saa kadhaa, kisha hurudi. Madhara ya kudumu ya fahamu yapo ila ni nadra sana. Yanayotokea zaidi ni presha kushuka, kuwashwa, homa kidogo, na kwa takriban mama mmoja katika mia kichwa kuuma sana kwa siku chache akikaa au kusimama, jambo ambalo lina tiba. Maumivu ya mgongo ya miaka na miaka ambayo watu huyahusisha nayo, tafiti hazikuyathibitisha. Wanawake wengi huumwa mgongo baada ya kuzaa, wawe wamechomwa au la. Na haiongezi uwezekano wa kupasuliwa.

Kwa nini basi hatuitoi kwa kila mama? Kwa sababu inahitaji daktari wa ganzi aliyepo usiku na mchana, presha inayopimwa mara kwa mara, na mkunga asiyegawanywa kwa akina mama wengi. Hapa Dar es Salaam utaipata kwenye hospitali chache, hasa kubwa za binafsi, na gharama yake si ndogo. Kama mna uwezo, nendeni mkaulize kabla ya wiki ya 36: daktari wa ganzi yupo hata usiku wa Jumapili? Bei imo kwenye kifurushi cha kujifungua au inahesabiwa peke yake? Wasiojibu wazi maswali hayo mawili, mimi nisingewategemea. Usiichanganye tu na ganzi ya mgongo ya upasuaji, ambayo ni sindano moja, inatia ganzi tumbo na miguu kwa muda, na hospitali nyingi zenye chumba cha upasuaji wanaifanya.

Njia iliyo karibu zaidi na uwezo wa wengi ni sindano ya pethidini. Haiondoi maumivu, inayatuliza makali yake, na mama anaweza kusinzia kati ya uchungu mmoja na mwingine. Inaleta kichefuchefu, na ikichomwa karibu na kujifungua mtoto anaweza kuzaliwa mlegevu, mzito wa kupumua na kunyonya, kwa hiyo muda wake lazima upimwe. Kwa mama aliyechoka sana mwanzoni mwa safari, naiona ni huruma iliyo halali kabisa. Na hata kama huna chochote kati ya hivi, kuongezewa njia na kushonwa bila ganzi usikubali. Sindano ya ganzi ya pale chini ipo karibu kila mahali. Tena kuongezewa njia si lazima kwa kila anayezaa. Mtoto wa kwanza kupitia huko hakumaanishi wa pili naye apitie huko.

Mume wako anataka mateso yaishe, na namheshimu kwa hilo. Lakini upasuaji unayahamisha maumivu kutoka saa chache kwenda wiki kadhaa, kwa mama mwenye mtoto mdogo wa miaka minne nyumbani anayetaka kubebwa. Damu inayopotea ni nyingi zaidi, maambukizi ni mengi zaidi, na kovu linabaki kwenye mfuko: mimba ijayo kondo linaweza kujishika palepale, na kila uzazi baada ya hapo unahitaji kuwa karibu na chumba cha upasuaji. Mtoto akichoka au asipoweza kupita, nitakuomba usaini upesi bila kusita. Kwa hofu peke yake, ukiniuliza mimi, nitakuambia tuitibu hofu kwanza. Ikiwa baada ya kuzungumza na daktari wako hofu bado ni kubwa kiasi hicho, sema wazi. Hiyo nayo ni sababu ya kujadiliwa, si ya kuchekwa.

Nilikuahidi vile vinavyofupisha na kutuliza kwa pamoja. Cha kwanza ni mtu wa kuwa nawe mwanzo mpaka mwisho. Tafiti zilizohusisha wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba mama mwenye msindikizaji wa kudumu uchungu wake unapungua kwa dakika 40 hivi, anahitaji dawa kidogo za maumivu, na hapasuliwi mara kwa mara kama aliye peke yake. Ingekuwa kidonge, kingekuwa kimeshanunuliwa chote. Wodi nyingi za serikali haziruhusu kwa sababu hazina mapazia kati ya vitanda, lakini zipo zinazoruhusu mwanamke mmoja. Uliza kwenye kliniki yako sasa, usingoje siku yenyewe.

Cha pili ni kutolala chali. Kutembea, kusimama, kukaa, kupiga magoti ukiegemea kitanda: akina mama waliofanya hivyo katika hatua ya kufunguka njia walipunguza wastani wa saa 1 na dakika 22. Linganisha na zile saa 2 za dripu. Ukichoka, lala ubavu wa kushoto. Cha tatu ni maji. Mfuko wa uzazi ni msuli, na joto la Dar es Salaam linakausha. Kunywa maji, madafu, uji mwepesi, ule kidogo kama huna tatizo linalokuweka karibu na upasuaji. Nenda haja ndogo kila baada ya saa 2 hivi, kwa sababu kibofu kilichojaa kinamzuia mtoto kushuka. Na zile tende za Bibi Maryam: mwaka 2011 watafiti wa Jordan walichapisha utafiti wa wanawake waliokula tende 6 kila siku katika wiki nne za mwisho. Walifika hospitalini njia ikiwa imefunguka zaidi, na hatua ya mwanzo ilikuwa fupi. Utafiti ulikuwa mdogo, wanawake 114 kwa jumla, hivyo siapi kwa huo. Lakini kama huna kisukari, tende tamu hazina ubaya, nami mwenyewe huwashauri akina mama wazile.

Cha nne ni mikono. Maumivu na mguso vinapanda kwenye ubongo kwa kivuko kimoja, na kivuko hicho kina nafasi ndogo, kama pantoni ya Kigamboni asubuhi. Mguso unawahi kuingia. Ukiujaza, maumivu yanabaki gatini. Uchungu unapokuja, mtu akukandamize kwa kisigino cha kiganja chini ya kiuno, juu kidogo ya makalio, kwa nguvu na bila kuacha mpaka upite. Maji ya uvuguvugu yakimwagwa mgongoni kwa kata yanafanya kazi hiyohiyo. Wewe toa pumzi ndefu, taya limelegea. Ukitaka kuguna, guna kwa sauti nzito ya chini. Wakati wa kusukuma ukifika, sukuma mwili unapokutaka. Mtu asikukandamize tumbo kwa juu kumshusha mtoto. Jambo hilo halishauriwi kabisa.

Safari hii usingoje nyumbani muda mrefu, maana nilikuambia uchungu wa pili unaweza kuwa mfupi mno. Uchungu ukija kila dakika tano na kila mmoja ukikaa kama dakika nzima, ondoka, na ikiwa ni saa ya foleni ya Barabara ya Mandela ondoka mapema zaidi. Yapo mambo yasiyongoja uchungu kabisa: damu kutoka kama hedhi, maji ya kijani au yenye harufu, mtoto kupunguza kucheza, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, homa, tumbo lililokaza bila kulegea, kitovu kuonekana, au dalili yoyote ya uchungu kabla ya wiki ya 37. Hapo twende hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Dharura ikikukuta huna usafiri, namba 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, ni bure. Na kama hujalala kwa wiki kadhaa, unalia, au unaiona ile Jumapili kila ukifumba macho, mwambie nesi wa kliniki hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Hofu baada ya uzazi mgumu ni ugonjwa unaotibika, na ni rahisi kuutibu sasa kuliko baadaye.

Ukienda kliniki, waombe wakuandikie kwenye kadi historia ya mara ya kwanza: njia ilisimama sentimita ngapi, mtoto alizaliwa na kilo ngapi, kama alilia mara moja, na kama ulitoka damu nyingi. Wapime wingi wa damu. Wiki ya 36 wahakikishe kichwa kiko chini. Majibu hayo ndiyo yatakayomwambia mkunga kama utahitaji dripu au la, kuliko ushauri wa mtu yeyote wa mtaani, na kuliko wangu pia, kwa kuwa mimi sijakushika tumbo.

Mama mkwe wako usimrudishe mikono mitupu. Mwambie mizizi umeiacha kwa ushauri wa daktari, lakini unamhitaji leba, na unamwomba aanze kukukanda mgongo sasa, jioni kwa jioni, kwa mafuta ya nazi, ili siku ikifika mikono yake iwe inajua pa kukandamiza. Kisha nenda naye kliniki ya wiki ya 36, aulize yeye mwenyewe kama watamruhusu kuingia.